Kadi ya Bati

Niliondoka asubuhi ile na kipande cha bati mfukoni, bila kujua nitaanzia wapi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, na tangu hapo kuondoka bila mpango ndiko nilikokujua vizuri. Safari hiyo, hata hivyo, kulikuwa na mtu anayenisubiri.

Alikuwa mzee Mrundi, fundi redio, mwenye kibanda katika soko la kambi ya wakimbizi huku Ngara. Nilikaa naye miezi kadhaa nikimchosha kwa maswali. Tulikuwa na kompyuta kuukuu iliyotoka kwenye mnada, na ndani yake mchezo wa mpira. Lakini kila tulipouwasha, wachezaji walikimbia juu ya weupe mtupu. Nyasi hazikuonekana, wala mpira. Mzee alifungua kasha la kompyuta, akachungulia, akasema kinachotakiwa ni kadi ya picha yenye nguvu zaidi.

Naye alikuwa amejiandikisha kurudi kwao. Malori yangemchukua Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nataka kuona nyasi kabla sijapanda lori," aliniambia.

Hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo nikaenda mimi. Kwa kuwa hakuniamini kwa mambo ya namba, alikata kopo la mafuta ya msaada, akachonga kadi ya bati iliyoingia sawasawa kwenye mfereji wa madabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, na pengo lake likiwa mahali pake.

"Usiangalie ukubwa, mwanangu. Angalia pengo."

Nilipata lifti ya lori la maharage. Kwenye kizuizi cha barabarani magari yalisubiriana mpaka polisi wa kusindikiza walipofika, maana mbele kulikuwa na msitu wa majambazi, na miaka ile hukuuvuka peke yako. Tukaingia Biharamulo alasiri. Nikauliza kwenye duka la redio, nikauliza kwa mpiga picha, mwishowe nikaelekezwa kwa kijana mmoja nyuma ya soko aliyeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika.

Alikuwa na kadi mbili. Moja kubwa, yenye feni na picha ya joka. Nyingine fupi, haina feni, imepauka kama ndala ya zamani. Nikaishika ile kubwa. Kusema kweli niliitaka, na nilishajiona nikiingia nayo kibandani. Nilipotoa bati, muuzaji alicheka.

"Mshikaji, umekuja kununua kadi au kutengeneza kibatari?"

Nikaliweka bati juu ya kadi kubwa. Mapengo hayakukutana. Akasema hilo si tatizo, ile plastiki ya ndani ya mfereji inakatwa kwa kisu cha moto na kadi inaingia, amewafanyia wengi. Nikauliza hao wengi wanakaa wapi. Akaanza kupangusa meza.

Juu ya ile fupi, bati lililala meno kwa meno. Nikaichukua, huku nikiigeukia kubwa mpaka mlangoni.

Kesho yake jioni mzee aliziona nyasi. Hakugusa hata kitufe. Alikaa akiutazama uwanja ule wa kijani, kisha akaniuliza kama kule wanazikata au wanalishia ng'ombe.

Lakini siku ile Biharamulo sikuwa na hakika ya lolote. Magari ya kurudi yalikuwa mpaka asubuhi. Nikapita chini ya boma la Wajerumani, nikaona gesti yenye mlango wa bluu, nikaingia. Nikamwamkia mama mwenye gesti shikamoo, akaitika marahaba na kunisogezea kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Katika gesti zote nilizowahi kulala, mstari wa mwisho niliuacha wazi. Safari hii niliujaza.

Mama alisoma kwa kidole.

"Unatoka Ngara, unakwenda Ngara. Sasa huku ulifuata nini?"

Nikamwonyesha kadi. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia, akanipa ufunguo wa chumba namba nne.