Lenzi Iliyommeza Pacha

Mwenye moyo mwepesi na akae karibu na mlango, ili nijue wa kumtisha kwanza. Habari hii ni ya mjukuu wangu, mpiga picha, yule tunayemwita Popo kwa sababu riziki yake iko gizani. Harusi za jioni, kuwaaga wastaafu, kwaya kwenye kumbi ambazo taa zake zimewekwa zipendeze, si watu waone: huko ndiko anakoitwa. Kabla ya kubonyeza hubana pumzi ili mkono usitikisike. Amebana pumzi nyingi mno maishani, hata siku moja nikamwambia, "Wewe hizo pumzi unaziweka akiba. Utatuzika sote, kisha uyazike na makaburi yetu."

Hakucheka. Neno kuzika halimchekeshi, na sababu yake ilikuwa imetundikwa ukutani kwangu.

Nilizaa pacha wa kike. Walifanana hata nikawa namwogesha mmoja mara mbili na mwenzake akalala na vumbi lake. Tofauti ililetwa na paka: alimparura wa pili chini ya jicho, pakabaki kovu dogo kama punje ya mchele. Wa kwanza ndiye mama yake Popo. Alikuwa akimbebea mwanawe mkoba wa kamera, akiwanyooshea maharusi shela, lakini ukimwelekezea kamera yeye mwenyewe, umempoteza. Angejificha hata nyuma ya kijiko.

Jioni moja tu alisahau kukimbia. Popo alikuwa anampiga picha bibi harusi kwenye ukumbi wa giza, lenzi ameifungua yote ili inywe kila tone la mwanga. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika shela. Bibi harusi alitoka wazi, unamhesabu kope moja moja. Mama yake akatoka mvuke. Gauni lipo, mabega yapo, uso hakuna.

Nani angejali? Bibi harusi alipendeza. Kisha mwanangu akaugua, na ugonjwa ukamchukua kabla hatujaujua jina. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, tulipindua nyumba juu chini. Nyumba ya mpiga picha, imejaa nyuso za watu baki, na uso wa mama mtu haumo! Ndipo jirani, Mungu amsamehe, akasema, "Si yupo pacha wake? Nani atajua?"

Basi tukachukua picha ya pacha aliye hai, tukaifunga utepe mweusi, tukaitanguliza makaburini. Mwenyewe alitembea nyuma yake analia, anajitazama anavyopelekwa kuzikwa.

Toka hapo mambo yakawa mambo. Akienda kununua vitunguu, muuzaji anaacha mizani inaning'inia, anaingia chini ya meza. Mwanamke mmoja alimwona njiani akatimua mbio, nasema kweli tupu, viatu vyake vikawa vinamfuata nyuma vikimwita. Mwanzoni tulicheka wote. Kisha pacha akaacha kucheka. Akafunika kioo chake kwa kanga. Akija kwangu alikaa ameupa ukuta mgongo, maana picha ile yenye utepe ilikuwa imetundikwa juu ya kabati langu, na kila jioni nilikuwa naisalimu.

"Mama," aliniambia, "nishushe ukutani."

"Huyo si wewe. Ni dada yako."

"Ni mimi. Gauni langu hilo, hata doa la chai ni langu."

"Nikikushusha wewe, nitampandisha nani?"

Akaugeuzia ukuta mgongo tena, nami nikabaki natazamana na yule wa ukutani.

Sasa akatokea mchumba: fundi saa aliyefiwa na mkewe, mtu aliyezoea kuona vitu vilivyosimama vikianza tena. Huyo hakumkimbia. Walipopanga harusi, pacha alimfuata Popo.

"Mwanangu, nipige picha moja siku ya harusi. Moja tu, nionekane mimi, si marehemu. Bibi yako akiiona atanishusha. Isipotoka, nitaolewa nikiwa maiti."

"Itatoka, mama mdogo."

"Na flashi usiniletee. Unajua mwenyewe."

Alijua. Kila alipomulikwa, pacha alifumba macho, na picha ikatoka mtu amelazwa, bado pamba za puani tu. Popo alizifuta zote bila kuambiwa. Na ukumbi waliopewa na ndugu za bwana harusi, jamani, una giza hata mende wake hutembea wakipapasa. Wanasema kuna bwana harusi alimvika pete mpishi humo, na mpaka leo wanaishi vizuri.

Mchana mmoja Popo alikuja kwangu na mkoba wake. Akafunga mapazia, akaacha taa moja ndogo mezani, akapanga lenzi tatu kitandani.

"Bibi, kaa hapo. Leo wewe ndiye bibi harusi."

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Anakuogopa. Tulia."

Lenzi ya kwanza ilikuwa pana, ya kuchukua watu wengi. Ili nijae kwenye picha ilibidi anisogelee mpaka nikahisi pumzi yake, na pua yangu ikatoka kiazi kitamu. Tukaiweka kando. Ya pili alikuwa ameiazima kwa rafiki, ile ya kuvuta karibu na kusukuma mbali, nzito kama mtoto aliyeshiba. Hiyo haifunguki sana, kwa hiyo kamera ilibidi ilazimishwe kuona gizani, na kamera ikilazimishwa hutapika chengachenga. Nikatoka kama nimemwagiwa mchanga usoni.

"Si mbaya," nikasema. "Makunyanzi yamefukiwa."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Mchanga huu utalila kovu la mama mdogo. Bila lile kovu, ni yeye au ni mama?"

Ya tatu ilikuwa ndani ya soksi. Aliitoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mtegoni. Niliijua. Ni ile iliyommeza mwanangu.

Akaifungua yote, akanilenga jicho. Picha ikatoka: kila mshipa wa jicho unaonekana, na sikio langu halipo, limekwenda zake.

"Inaona unene wa kidole tu, Bibi," akasema. "Ndani ya kidole hicho hakuna inachokosa, hata gizani. Nje yake, mbele au nyuma, ni mvuke."

"Kumbe haikummeza mama yako. Alisimama nje ya kidole."

Popo akaketi kitandani. "Nilimwona, Bibi. Nilijua anatoka mvuke. Nilisema moyoni, huyu ni mama, nitampiga baadaye."

Taa ikapepesa. Msiniulize kwa nini, umeme ulikuwepo na upepo haukuwepo. Kisha akaikunja soksi tupu, akaikaza ile lenzi kwenye kamera. "Itakuwa hii," akasema. "Kidole nitakiweka kwenye kovu."

Jioni ya harusi pacha alikaa mezani pembeni ya taa ndogo. Upande wake wa kushoto aliacha kiti wazi, maana tangu utotoni hakuwahi kukaa bila dada yake kushoto. Popo akapiga goti mbele yake, viwiko vimeegemea meza.

"Mama mdogo, usisogee hata kidogo. Ukisogea, utanitoka."

"Nikipumua?"

"Pumua baadaye."

Akabana pumzi. Pacha akabana. Fundi saa akabana. Nikaona meza yote imebana, na mhudumu mmoja aliyekuwa anameza chapati ya wizi akabaki nayo shavuni. Popo akabonyeza. Akatazama kioo cha nyuma cha kamera, akakifuta kwa shati, akatazama tena.

Akanipitishia kamera. Pacha alikuwa humo mzima: jicho wazi, kovu kama punje ya mchele, linang'aa kwa taa. Mtu hai, na ana hamu ya kupumua. Lakini kushoto kwake, nyuma ya kiti kitupu, palikuwa na mvuke. Mabega yapo. Gauni jeupe lipo.

"Mhudumu huyo," akasema Popo kwa sauti ndogo.

"Wahudumu wamevaa nyeusi."

"Basi pazia."

"Ukumbi huu hauna pazia, mjukuu wangu. Nimezunguka wote nikitafuta choo."

Pacha akaichukua kamera. Aligusa kovu la kwenye picha, akagusa la usoni, kama anayelinganisha vitambaa. "Huyu ni mimi," akasema. Kisha akautazama ule mvuke muda mrefu. "Na huyo hajambo."

Baada ya harusi walikuja kwangu. Nilipanda kwenye kigoda mimi mwenyewe, na miguu hii, nikamshusha mwanangu ukutani. Pacha alifungua utepe mweusi kwa mikono yake, akaiweka picha yake kwenye mkoba, kati ya vitunguu na sabuni. Ukuta ukabaki na alama nyeupe ya mraba, na nilishindwa kuitazama.

Popo akatoa kwenye mkoba wa kamera ile picha ya zamani. Alikuwa amemkata bibi harusi wa watu, akabakiza mvuke peke yake, akautilia fremu. "Bibi, sina uso wake. Nina alipokuwa amesimama."

Tukautundika.

Wageni wakiuliza yule asiye na uso ni nani, nawaambia ni mwanangu, alikuwa anapita. Naye pacha, akija siku hizi, hukaa ameutazama ukuta. Huvuta kiti kingine akakiweka kushoto kwake, na hakuna anayekikalia, hata mimi ninayechoka haraka.