Kanuni Inaanza na Nani?

Jina lake halisi alilijua mhasibu wa mishahara tu. Wengine wote pale chuoni walimwita Bi Kanuni, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya wakubwa, yale yanayopitishwa kwenye vikao virefu vyenye chai na vitafunio, na kuyaingiza kwenye mfumo wa kompyuta, ili mwisho wa mwaka mfumo useme nani anaendelea, nani anarudia na nani anafunga virago. Wakubwa hupenda kusema "kwa kawaida" na "pale inapobidi". Kompyuta haijui kawaida wala kubidi. Inataka kuambiwa, na isipoambiwa inajiamulia yenyewe. Ndiyo maana Bi Kanuni alikuwa na tabia ya kuuliza maswali mpaka watu wakimwona anakuja kwenye korido wanakumbuka kwamba wana simu ya kupiga.

Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kila jioni. Aliishi katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, yeye na kaka yake, pamoja na mke wa kaka na watoto wao wawili. Huyo mke wa kaka alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Watoto wote wawili aliwazaa akiwa masomoni, na wa pili aliumwa mapafu akalazwa muda mrefu, kwa hiyo mara mbili aliomba kuahirisha mwaka na mara mbili alikubaliwa. Mwanamke mwingine angekata tamaa. Huyu alirudi kila mara na daftari jipya.

Zamani walitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Kisha siku moja Bi Kanuni akarudi kutoka kazini akakuta cherehani ya marehemu mama yake ipo sakafuni, imefunikwa shuka, na meza ya cherehani imejaa vitabu.

"Nilikosa pa kusomea, wifi," mke wa kaka alisema.

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Ni kweli angekataa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Maneno yakazaa maneno, kaka akakimbilia dukani kununua sabuni ambayo hakuna aliyemtuma, na tangu jioni ile Bi Kanuni hakulitamka tena neno wifi. Akisema naye alimwita mama watoto. Akimsema kwa wengine alikuwa mke wa kaka. Cherehani ikabaki sakafuni, na kila aliyekwenda kulala ilimbidi aizunguke.

Sasa siku yenyewe.

Matokeo ya mwisho wa mwaka yalitakiwa kutoka kabla ya ofisi kufungwa. Seneti ya chuo ilikuwa imepitisha kanuni mpya: shahada ya miaka mitatu imalizwe ndani ya miaka minne, na mwaka ulioahirishwa uhesabiwe pia. Zamani mwaka ulioahirishwa haukuhesabiwa. Lilikuwa badiliko la mistari miwili. Bi Kanuni aliiingiza mistari yote miwili, akafika kwenye kisanduku ambacho mfumo unauliza: inaanza na waliojiunga mwaka gani? Akarudi kwenye uamuzi wa Seneti. Akausoma mara ya pili na ya tatu. Seneti haikusema.

Kisanduku hicho kikiachwa wazi, mfumo unaelewa kwamba kanuni ni ya watu wote, hata waliojiunga zamani kwa masharti mengine. Akakiacha wazi, akaendesha jaribio ambalo halimgusi mtu, aone tu. Skrini ikajaa majina yenye neno moja pembeni: Aondolewe. Akajaza mwaka huu, akaendesha tena. Hakubaki hata mmoja.

Akarudia lile jaribio la kwanza, akashuka na kipanya polepole, ingawa alikwishajua anachokitafuta. Mke wa kaka alikuwa katikati, kati ya watu asiowajua.

Niseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe hakuuficha: kwa muda mfupi sana alifurahi. Aliiona meza tupu, aliiona cherehani imerudi mahali pake. Halafu aibu ikampanda mpaka masikioni, akaangalia nyuma kama kuna mtu aliyemwona. Hakukuwa na mtu.

Akiacha wazi, mke wa kaka yake anafukuzwa chuo akiwa amebakiza mwaka mmoja, na mtaa mzima utasema kikulacho ki nguoni mwako. Akijaza, watasema amembeba ndugu yake. Kisu alikishika yeye, na nyama ilikuwa ya nyumbani kwake. Simu ikatetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa kaka: "Matokeo leo? Mwenzio hajala tangu asubuhi." Akaigeuza simu kifudifudi, akainuka, akaenda kwa Naibu Msajili.

Naibu Msajili alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili na subira ya nusu simu.

"Kanuni mpya inaanza na nani?" Bi Kanuni akauliza.

"Leo tena? Wanafunzi wanapiga simu kila saa. Jaza unavyoona, wewe ndiye unayeujua mfumo."

"Siwezi kujaza ninavyoona. Ikiwa ya wote, kuna watu wanaondoka leo. Na mmoja wao ni mke wa kaka yangu."

Naibu Msajili akaweka simu zote mbili chini. "Wifi yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umekuja kumwombea."

"Nimekuja kujitoa. Sitaki kumwokoa wala kumfukuza. Aamue mtu mwingine."

Naibu Msajili alimtazama kama anayetafuta ujanja uko wapi. Kisha akasimama. "Sawa. Usiguse chochote. Nitaendesha mwenyewe."

Hapo ndipo Bi Kanuni alipoona alichokifanya. Alikuwa amewaza kwamba akijitoa, swali litapanda juu kwa wenye kuamua. Kumbe lilihamia kiti tu. Naibu Msajili alikwenda akaketi mbele ya kompyuta ya Bi Kanuni, akavuta kiti, akabofya kwa kidole kizito kama anayepiga hodi, na alipofika kwenye kile kisanduku akakiruka. Bi Kanuni alikuwa amesimama nyuma yake. 

"Hapo umeruka," akasema.

"Wewe umejitoa."

"Nimejitoa kuamua. Kusema sijajitoa. Ukiacha hivyo umesema ni wote."

"Seneti haikusema si wote."

Jibu hilo halikuwa la kijinga, na lilimtisha kuliko kama lingekuwa la kijinga. Mtu mwenye haraka na hoja huwa hasimami. Naibu Msajili akabofya tena, mfumo ukamfungulia ukurasa wa mwisho: jina la aliyeamua kanuni hii ianze na nani. Bila jina mfumo haundi matokeo. Akaandika herufi za mwanzo za cheo chake, kidole kikaanza kupunguza mwendo.

"Jina hili litaonekana wapi?"

"Kwenye barua ya kila anayeondolewa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Muda mfupi uliopita, lilipokuwa jina la Bi Kanuni, jambo lilikuwa jepesi, jaza unavyoona. Sasa Naibu Msajili alijifuta paji la uso, akazifuta zile herufi moja moja, akachukua simu na kumpigia Profesa aliyeongoza kikao cha Seneti. Bi Kanuni akatoka nje bila kuambiwa. Kama amejitoa, basi amejitoa.

Alisimama kwenye korido karibu na ndoo ya kupigia deki. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini sauti ya Profesa haikupita, ilipita ya upande mmoja tu.

"Ndiyo, Profesa... Hapana, haikuandikwa... Mfumo unataka jibu leo... Ndiyo, wote."

Kiti kikalia ndani.

"Wote kabisa, Profesa."

Bi Kanuni akaona basi, wote wanaondoka. Alishika ukuta, akawaza namna ya kuingia nyumbani. Akawaza mtoto yule wa mapafu, ambaye mama yake alimsomea vitabu vya takwimu wodini kana kwamba ni hadithi, kwa sababu ndivyo vitabu alivyokuwa navyo. Yeye Bi Kanuni ndiye aliyepeleka uji kila asubuhi wakati ule. Wakati ule hakukuwa na mambo ya meza. Akataka kurudi ndani, ajaze kile kisanduku kwa mkono wake, liwalo na liwe. Mkono ulifika kwenye kitasa. Akautoa, akauweka mfukoni, na haikuwa kazi rahisi.

Mlango ukafunguliwa.

"Profesa amekasirika," Naibu Msajili akasema. "Amenigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyetunga."

"Amesemaje?"

"Ameuliza, mnataka kuwafukuza wote walioahirisha kwa ruhusa yetu wenyewe? Nikamwambia ndiyo, wote, ndivyo mfumo unavyosema. Akasema aliyekubaliwa jana haadhibiwi leo. Inaanza na wanaojiunga mwaka huu. Jina limeandikwa lake, na barua anatuma kabla hatujafunga." Akavuta pumzi. "Wifi yako huyo ana bahati."

  Bahati hiyo ilikuwa nusu. Kanuni haimfukuzi, lakini mitihani alifanya, na mitihani ina matokeo yake. Mfumo uliendeshwa, matokeo yakatoka, kompyuta ikarudi mikononi mwake. Ilimtosha kuandika jina moja aone. Aliizima, akachukua mkoba, akaondoka hajui kitu.

Nyumbani kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni na watoto, wote watatu wametulia kupita kiasi. Alimtazama dada yake, akahamisha miguu apite. Ndani, mke wa kaka alikuwa mezani, kwenye ile meza, simu mbele yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Tulisikia kanuni mpya imekuja," akasema bila kugeuka. "Darasa zima tulisikia. Nikajua nani anaiingiza. Nikasema, sasa kanipata."

Bi Kanuni akabaki amesimama karibu na cherehani. "Mimi sikuamua. Nilijitoa. Niliwaambia siwezi, kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu."

"Ndiyo. Nikasimama nje kama aliyefukuzwa darasani. Sijaona hata matokeo yako. Yanasemaje?"

Mke wa kaka akageuza simu, akamsukumia. Bi Kanuni alisoma huku akipitisha kidole chini ya maandishi. Anaendelea. Atarudia somo moja: Takwimu.

Akakaa chini. Hakukuwa na kiti, akakalia cherehani ya mama yake, juu ya shuka, na hakuona kwamba ameikalia.

"Umeona?" mke wa kaka akasema, sauti ikipanda kwa mazoea ya miezi yote ile. "Hata kama hukunifukuza, hilo somo moja je? Hilo nalo hukuliona? Hilo nalo ulikuwa umesimama nje?"

Kaka alikuwa amefika mlangoni, ameshika mtoto mmoja kila mkono, tayari kukimbilia dukani. Bi Kanuni alimtazama yule mwanamke, vitabu vyake, peni aliyoitafuna ncha. Machozi yalikuwa yamemfika yeye mwenyewe, na alikuwa hana nia ya kuyafuta.

"Somo hilo umelifeli mwenyewe, wifi," akasema. "Rudi mezani ukasome."