Salamu ya Mzee Bundala

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kugombania wakulima wa Bariadi, Shigela alirudi kutoka Mwanza na deki mbili, televisheni na kamera begani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, naye akafungua ya kwake: video za harusi.

Alikuwa na utaratibu, na ole wako uuguse. Kila tukio aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akavipanga vyote sakafuni, kila kimoja na kokoto juu yake. Deki moja ilicheza, nyingine ilinakili, tukio baada ya tukio, na ukikosea katikati unarudia kuanzia hapo. Kwa hiyo Shigela alifuata jua. Asubuhi mwanzo, jioni mwisho, hakuna mjadala.

Kanda iliyomshinda ni ya harusi ya Milembe, kule Ngulyati. Wiki tatu baada ya sherehe, baba wa bibi harusi, mzee Bundala, alifariki. Mjane wake, Evalina, akaja kuuliza mumewe anaonekana wapi.

Shigela aliona haya. Mzee alionekana mara moja tu, alfajiri, akitoka zizini na kibuyu cha maziwa. Alimwona mpiga video, akasimama, akamsalimia kwa Kisukuma salamu ya asubuhi, ile inayoitikiwa kwa neno lilelile: "Mwangaluka." Shigela hakuitikia, asije akaharibu sauti. Mzee akabaki amesimama akingoja, mpaka kamera ikazimwa. Kuiacha salamu ya mzee hewani, Usukumani, ni utovu wa adabu usio na maelezo, na Shigela alitaka kukikata kipande hicho aifiche aibu yake. Lakini alimweleza mama yule yote.

Evalina hakumkaripia. Aliinama, akaichukua karatasi ya kwanza, akaiweka mwisho kabisa, baada ya keki na ngoma.

"Mama, asubuhi haiwezi kuja baada ya jioni," Shigela alisema. "Watu watanicheka."

"Ukimweka mwanzo, atapita mara moja, nami nitakaa saa mbili nzima nikijua harudi. Mweke mwisho, mwanangu. Nikae nikimngoja."

Shigela alinung'unika, lakini alifanya.

Siku ya kuitazama waliteremsha mapazia mchana kweupe, Evalina na Milembe wakakaa mkekani. Keki ikapita. Ngoma ikapita, na vumbi lake. Kisha pakapambazuka, na Bundala akatoka zizini.

Shigela alikuwa amekiona kipande hicho mara zisizo na hesabu, lakini sasa nywele zilimsimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga vile vikaratasi, na hata hivyo aliogopa. Mzee hakuwa anapita tena. Ndiyo kwanza alikuwa anafika.

"Mwangaluka," Bundala akasema, akasimama, akangoja.

Milembe alijifunika uso kwa kanga. Evalina aligeuka, akamtazama Shigela.

"Anakungoja wewe," alisema.

Shigela akavua kofia, akainama mbele ya televisheni.

"Mwangaluka, baba," akaitikia, kabla picha haijazimika.