Mama Katika Kundi la Ushauri

Shingo ya mama ilipona vipi, ikiwa hakuna aliyeitibu?

Nilikuwa nimerudi Garsen na shahada yangu, bila kazi, na mama alikuwa akiamia mpunga wetu, akifukuza ndege. Kuanzia alfajiri alikaa juu ya dungu, kichanja cha miti, na kombeo lake, akigeuka huku na huku. Masuke yalipoanza kujaa maziwa, shingo ikakaza. Kushoto hakugeuki, na kwelea huingia upande huo huo, kutoka mtoni. Akisikia mbawa ilimbidi azungushe mwili mzima, na hapo ndege wameshakula. Nilijaribu kumpokea kombeo, nikampiga mbuzi wa watu. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka.

Kisha wakaja watafiti wa tiba ya viungo, wakitafuta wanawake wanaoumwa shingo. Kwa kura, baadhi wangefundishwa mazoezi, wengine wangepewa ushauri tu, na makundi yalikatazwa kufundishana. Mama aliangukia ushauri: alalie mto mwembamba, asilale kifudifudi. Mazoezi alipata jirani tuliyepakana naye shamba, ambaye hakuwa akisemeshana na mama tangu wagombane juu ya mpaka.

"Kwa hiyo mama yangu ni wa kulinganishia," nilimwambia mtafiti.

"Dada, tusipolinganisha tutajuaje kama mazoezi yanasaidia?"

"Na mpunga wetu mtaulinganisha na nini?"

Mama akanivuta mkono. "Muache kijana wa watu. Nilikusomesha, sikukutuma uwe hakimu."

Sikumuacha. Kwa nini kura ilipigwa ndani, mlango umefungwa? Kama mazoezi ni mazuri, kwa nini wasifundishwe wote? Na kama hawajui kuwa ni mazuri, wametoka mbali kote huko kuja kufanya nini kwetu?

Kisha shingo ikaanza kulegea. Mpunga ulipogeuka rangi, mama alikuwa akirusha udongo kwa kombeo kushoto bila kuinua kiuno. Mtafiti alimpima, akakunja uso.

"Mama, kuna mtu aliyekufundisha mazoezi?"

"Nani anifundishe? Yule pale? Hata salamu hatupeani."

Nilimtazama usoni. Mama yangu akidanganya hucheka, na hakucheka.

"Basi mazoezi yenu ni bure," nikamwambia mtafiti. "Mliyemnyima amepona."

Alipima tena, akaandika.

Tulivuna. Kwa miaka kadhaa, kila aliyenisifia mazoezi ya viungo nilimsimulia habari ya shingo ile, na hakuna aliyenishinda.

Jirani ndiye aliyenieleza, baada ya yeye na mama kupatana. Kila asubuhi alifanya mazoezi juu ya dungu lake mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya shingo yake, mara ya pili polepole, akiwa amemwelekea mama, na hakuwa akiketi mpaka aone mama amemaliza kufuata.