Mstari Uliosuguliwa Miaka Tisa

Shule ilimnyang'anya binti wa mfagizi wake jina, ikaweka mahali pake jina la mtoto wa mwenyekiti wa bodi, kisha ikamwacha mama mtu alisugue jina hilo la wizi miaka tisa akidhani ni la mwanawe. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hili. Wapo wanaosema ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni kuvunja kikombe.

Wanafunzi walimwita Mama Nta, kwa sababu ukipishana naye unasikia harufu ya nta anayopaka sakafu na mbao za ukumbi. Alikuwa mfagizi wa shule ile tangu mgongo wake ukiwa umenyooka. Darasani hakuwahi kukaa. Madarasa aliyajua kwa kuyafagia. Lakini historia ya shule alikuwa nayo kichwani kuliko walimu wengi, maana kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia, mkuu wa shule huisimulia ukumbini, naye husimama mlangoni na ndoo yake akisikiliza. Shule ilianza na watoto kumi na wanne chini ya bati moja. Matofali ya ukumbi waliyafyatua wenyewe, wakayabeba kichwani. Kengele ni kipande cha chuma cha reli, mpaka leo. Na ukutani, juu ya jukwaa, kuna ubao mweusi wenye majina ya dhahabu: kila mwaka jina moja, la aliyeongoza mtihani wa mwisho.

"Hapa hakuna mtoto wa mkubwa," mkuu husema, kidole kikiwa juu. "Huyu baba yake alichimba makaburi. Huyu wa chini yake, baba yake alikuwa waziri. Wanalala mstari kwa mstari."

Watoto hupiga makofi. Mama Nta naye, mikono ina sabuni, alikuwa akipiga. Aliamini. Hilo ndilo linalomtia kinyaa kuliko yote: aliamini kabisa.

Binti yake alipotoka wa kwanza, karani wa ofisi ndiye aliyemsomea barua ya matokeo kwa sauti, na Mama Nta akazunguka ofisi nzima akikumbatia watu, hata fundi bomba aliyekuja kuzibua choo. Jina jipya lilipoandikwa, binti alikuwa ameshaondoka kwenda kusomea uuguzi mbali. Mama Nta akaenda ukumbini peke yake, akamkuta makamu wa mkuu na mwenyekiti wa bodi chini ya ubao.

"Mwalimu, hilo la mwisho ni la mwanangu?"

Makamu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Sasa la nani tena, mama?" makamu akasema, akaligusa kwa kidole. "Hili hapa. Hongera sana."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa alipanda ngazi. Alikata sketi ya zamani ya shule ya binti yake ikawa kitambaa cha kazi hiyo tu. Ubao mzima aliupitishia kitambaa mara moja. Mstari ule mara tatu. Walimu walipita chini yake wakienda kunywa chai.

"Mama Nta, utamtoboa mtoto wa watu!" mwalimu wa hesabu alimpigia kelele siku moja, wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika ukuta. Naye akacheka nao. Alidhani wanafurahi pamoja naye.

Shule ilipokaribia kutimiza miaka mia, aliletwa fundi wa maandishi kuyarudishia majina dhahabu. Fundi yule alikuwa na desturi yake: haligusi jina kabla ya kulisoma kwa sauti mara mbili. Aliwahi kukosea herufi moja kwenye kaburi la mtu, ndugu wa marehemu wakamkimbiza na jembe. Mama Nta alimshikia ngazi.

"Dada, ubao wote una afadhali," fundi akasema, "ila mstari huu umesuguliwa mpaka unataka kufutika. Nani kauonea hivi?"

"Mimi," akajibu kwa fahari. "La mwanangu hilo. Hebu soma, shemeji, nisikie."

Fundi akasoma. Lilikuwa jina la binti wa mwenyekiti wa bodi.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka, dada."

"Weka kidole, usome tena."

Akaweka kidole, akasoma polepole. Bila kuombwa akasoma la juu yake, na la chini yake, na yote ya safu ile mpaka mwisho. Kisha akashuka, akafunika kopo la rangi, akasema, "Pole."

Mama Nta hakulia. Alikuwa kama mtu aliyekunywa maji ya pipa mwezi mzima, halafu akaona panya ameelea ndani.

Aliingia ofisini bila kubisha hodi. Makamu wa siku zile sasa ndiye mkuu wa shule. Alikuwa anachovya biskuti kwenye chai, makombo yamemjaa kwenye tai.

"Mkuu, lile jina la nani?"

"Jina gani, mama?"

"Ulilonigusia kwa kidole hicho hicho unachochovyea biskuti."

Mkuu aliacha kutafuna, kisha akaendelea. "Mambo ya zamani hayo. Mwenyekiti alikuwa anatujengea maabara. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na mbele yake pale ningekujibu nini? Nilikuhurumia tu. Si umefurahi miaka yote hii?"

"Ulinihurumia."

"Tuseme ukweli, mama. Jina usiloweza hata kulisoma lingekusaidia nini?"

Karani, meza ya pili, aliinamia karatasi zake kama aliyedondosha sindano.

"Na wewe, dada," Mama Nta akamgeukia. "Wewe ndiye uliyenisomea barua. Miaka tisa tunakula sahani moja."

"Mimi mtu mdogo, dada yangu."

"Mdogo kwa nani? Hata kwangu mimi?"

Mkuu akajifuta mdomo, akasema mambo hayo yataangaliwa baada ya sherehe, asiwaaibishe mbele ya mgeni rasmi.

Jioni alimpigia simu binti yake.

"Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua, mama. Wenzangu waliniambia. Mdogo wangu alikuwa bado anasoma hapo, na wewe nilikuogopea kazi. Nikasema, acha afurahi."

"Kwa hiyo hata wewe."

"Hata mimi, mama. Nisamehe."

Huyo alimsamehe kabla simu haijakatika.

Siku ya sherehe, ubao uling'aa wote isipokuwa mstari mmoja. Fundi alidai rangi imemwishia, akachukua ngazi yake akaenda zake. Mgeni rasmi alipofika kwenye kuusifia ubao ule, Mama Nta alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida tu, "Muulize mkuu mstari huo uliofifia ni wa nani."

Vichwa viligeuka. Mgeni akainama kumuuliza mkuu, na kipaza sauti kikachukua yote.

"Nani yule?"

"Mfagizi tu, mheshimiwa."

Makofi yakaendelea. Mama Nta akatoka, akatema mate kwenye maua aliyoyamwagilia mwenyewe asubuhi.

Kazini anakwenda bado, maana kodi ya nyumba haingoji hasira ya mtu. Sakafu anaipiga nta. Ubao haugusi, na hakuna aliyethubutu kumwagiza. Mwenyekiti ana deni la kuliondoa jina la mwanawe mahali pasipo pake. Karani ana deni la kuisoma tena mbele ya bodi barua ile aliyoisoma mara moja kwa sauti akanyamaza. Na mkuu wa shule anadaiwa mstari mmoja wa dhahabu, na baada ya hapo asimame katika chumba cha walimu, mbele ya wale wale waliocheka, aseme kwa mdomo wake mwenyewe nani alitoka wa kwanza mwaka ule.