Rangi ya Kochi la Dobi

Mganga hajigangi, na anayebisha aje nimwonyeshe dobi wa mtaa wetu. Mtu huyu akiona doa kwenye shati la mwenzake hasikii tena anachoambiwa. Atalinusa, akwambie kama ni chai au dawa ya kikohozi. Wala hasugui kama sisi wengine tunaosugua kwa hasira. Anagongagonga taratibu kwa kitambaa cheupe, akitokea ukingoni kuingia katikati, doa lisipate njia ya kutambaa. Maharusi humletea magauni wakilia, huondoka wakicheka.

Ila kochi la sebuleni kwake, thubutu! Hilo ndilo la kutupia mafurushi ya nguo za watu. Watoto wanalilalia na vichwa vyao vya mafuta, naye mwenyewe hulalia usingizi wa mchana na suruali ya kazini. Lilikuwa kochi la kahawia, na kila mtu alijua ni la kahawia. Hata mapazia mkewe alinunua ya kahawia ili yaendane nalo.

Asiyejua alikuwa mama yake Dobi peke yake. Kochi lile yeye ndiye aliyewapa walipooana, na kila akija kuwatembelea hulipapasa na kuuliza kochi lake la rangi ya maziwa wamelipeleka wapi. Wakimwambia ndilo hilo alilokalia, hutikisa kichwa. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakawa wanatazamana.

Dada mkubwa wa Dobi ni mwanamke ambaye akishaamua jambo, hata mvua humwomba ruhusa ya kunyesha. Akatoa hukumu kwamba uzee umeshamwingia Mama kichwani, hafai kuachwa peke yake na moto jikoni. Nyumba yake ifungwe, ahamie kwa Dada, awe anachungwa. Na Mama jamani ana bustani yake ya mboga, ana mashoga zake wa kupiga nao soga jioni, ana mlango wake anaoufungua akitaka. Dobi roho ilimuuma, lakini angesema nini, na kochi lenyewe lile pale, kahawia tupu? Wakapanga Jumamosi wakutane kwa Dobi, Mama aambiwe.

Sasa Jumamosi hiyo asubuhi, mkewe kaenda sokoni, Dobi si akamwaga mchuzi kwenye kochi! Mchuzi mwekundu wa nyanya, bakuli zima, katikati kabisa. Akakimbilia siki, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akapiga magoti, akaanza kugongagonga kistadi. Mchuzi ukatoka. Halafu na kitu kingine kikaanza kutoka. Kitambaa kikawa cheusi tii, na kwenye kochi pakabaki duara jeupe la ukubwa wa sahani.

Jasho jembamba likamtoka. Dobi haogopi doa, anaogopa kuchujua kitu cha mtu, na huyu aliamini kabisa kuwa amelichujua kochi la mkewe. Basi akafanya jambo ambalo dobi mwenye akili timamu halifanyi. Akachemsha chai ya rangi, nzito, akaanza kulitia kochi doa.

Mkewe aliporudi na kikapu chake alimkuta mume kapiga magoti, kijiko mkononi, analinywesha kochi chai. Akamwuliza kwa upole, ule upole wa kutisha, kama kochi linapenda sukari nyingi au kidogo.

Dobi akajieleza kwa kigugumizi. Mkewe akatua kikapu, akafungua zipu ya mto mmoja wa kochi, akaupindua mfuko wake. Kule ndani, ambako hakujawahi kufika kichwa cha mafuta wala suruali ya kazini, kitambaa kilikuwa rangi ya maziwa. Wakatazamana kama wezi. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, ila hawakutuambia nyani siku akiliona afanye nini.

Na huyu mke, mjue, ndiye anayeingia nyumba za watu akiwafundisha usafi. Akaapa kwamba wifi yake akiliona lile duara, yeye atahama mtaa. Chai nayo ilikuwa imekataa kukolea. Dobi ni hodari wa kutoa madoa, kuyatia hajui.

Kwa hiyo wageni walipobisha hodi, mke wa Dobi alikuwa amekalia duara lile kama kuku anayeatamia. Hakuinuka kumpokea mama mkwe, alinyoosha mikono tu. Hakuinuka kuandaa chochote, mumewe ndiye aliyehangaika na vikombe. Gauni lilikuwa limemlowa siki na chai, naye anatabasamu. Dada alishangaa, lakini alikuwa na lake. Akaanza kumsifu Mama jinsi alivyowalea, na mtu mzima akisifiwa hivyo hujua kuna jambo. Mwisho akalitoa.

"Mama, hebu tuambie. Hili kochi ni rangi gani?"

Mama akalitazama kochi. Akamtazama Dada, kisha mwanawe, akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Kahawia," akasema kwa sauti ndogo. "Ni la kahawia, wanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakosea."

Dobi alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, mkewe akasimama. Nyuma ya gauni ana doa la chai kubwa kama sinia, na pale alipokuwa amekaa, duara linang'aa mbele ya wifi yake na dunia nzima.

"Hukukosea, Mama," akasema. "Sisi ndio wachafu."

Mama akainama, akaweka kiganja chake juu ya ile rangi ya maziwa. Machozi yakamtiririka.

"Nilikuwa nimeshaanza kujiogopa," akasema.

Dada akavua saa yake, akakunja mikono ya gauni, akamwuliza wifi yake ndoo iko wapi.