Mwavuli wa Pesa ya Ijumaa

Siku ya kwanza nilipoingia ghala la sandarusi, Mukadamu, yaani msimamizi wa vibarua, aliniuliza jina langu. Nikamwambia naitwa Faida. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Faida ya nani? Yako au ya Bibi yako?" Nyumbani nilikuwa nimeonywa kwamba mtu mwenye bakora mkononi hajibiwi, na mdomo wangu tangu utotoni haufungiki vizuri. Basi niliuma ulimi nikaenda kukaa nilipoonyeshwa.

Hiyo ni Bagamoyo, miaka ya themanini kwa hesabu ya Wazungu, kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajapandisha bendera yao. Nyinyi mnaoniuliza habari za kazi za zamani mnapokea ujira wenu mzima mzima, kisha mnalalamika hautoshi. Lalamikeni, sikukatazeni. Lakini mjue na sisi wetu tuliupokeaje.

Mimi nilikuwa mtumwa. Nalisema wazi kwa sababu aibu yake si yangu. Mama yangu aliletwa pwani kutoka bara amenibeba mgongoni, tukanunuliwa pamoja na Bibi mmoja mjane, mwenye nyumba ya mawe mjini na minazi yake upande wa Kaole. Nilipopata nguvu Bibi akanifanya kibarua. Siku hizi neno hilo mnaliita kazi yoyote ya kutwa. Zamani kibarua alikuwa mtumwa aliyetolewa na bwana wake akafanye kazi kwa mtu mwingine kwa ujira, na ujira ule ukakatwa katikati, nusu ya bwana na nusu ya mtumwa. Nusu yangu ndiyo iliyotulisha mimi na mama, maana mama alikuwa ameumia nyonga hawezi kazi. Mtama, chumvi, kuni, kitoweo, mafuta ya kumkanda. Ikifika Jumatano mkononi hamna kitu, naangalia vidole vyangu tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sandarusi ni utomvu wa mti uliozama mchangani zamani hata ukawa jiwe. Watu waliichimba huko nyuma ya Kaole na mbele yake, madalali wakaileta kwa Tajiri wetu, Mhindi, naye akaiuza kwa Wazungu wanaopikia dawa ya kung'arishia meza zao. Sisi wanawake tulikaa safu uani, tukailoweka katika maji ya majivu, tukaisugua kwa makumbi ya nazi mpaka ganda litoke. Ikishatoka ganda, iliyo kamili huonyesha vipele vidogo kama kuku aliyenyonyolewa. Isiyo na vipele ni chakazi, utomvu mchanga uliotoka mtini juzijuzi, laini, bei yake ya kulilia. Hiyo tuliitenga. Maji ya majivu yalitupasua vidole, chumvi ikiingia unaruka. Na jua la ule ua, wanangu, halikuwa na huruma.

Tulifanya kazi tangu Jumamosi hata Jumatano. Alhamisi na Ijumaa, kwa ada ya pwani, mtumwa alikuwa na mikono yake mwenyewe. Ukipata kitu siku hizo, bwana wako hakigusi. Sisi pale ghalani tuliiita pesa ya Ijumaa. Ya siku nyingine ilikuwa ya nyumba, ya Ijumaa ilikuwa ya roho. Mimi nilitwangia unga wapagazi wa bara waliokuwa wamejaa mjini wakingoja safari. Kinu nilitumia cha Bibi, kilichokaa uani kwake, chini ya dirisha lake.

Wenzangu walinunua tambuu ya kutafuna, udi, au waliichangia ngoma ya chama chao ili watajwe. Mimi niliweka, nikaweka. Waliniuliza naweka ya nini. Nikawaambia mtaona.

Nilitaka mwavuli.

Nikisema ni kwa sababu ya jua, nitakuwa nawadanganya. Mwavuli ulikuwa kitu cha waungwana. Mtumwa alimshikia bwana wake mwavuli, hakujifunikia. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu aliijua, na mimi niliijua kuliko wote kwa kuwa nilikuwa nimeshamshikia Bibi mwavuli hata mkono ukafa ganzi. Nilitaka siku moja kivuli kile kiwe juu ya kichwa changu. Basi. Sina maelezo mengine.

Muuza duka aliniuliza, "Bibi yako anataka wa rangi gani?" Nikamwambia, "Najinunulia mimi, nataka mweusi." Alinitazama, akatazama pesa, akaona pesa haina kosa. Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, nilipita njia kuu nimeufungua. Wengine walinizomea. Mzee mmoja alitema mate. Mimi nilikwenda polepole mpaka mwisho wa njia, nikageuka, nikarudi tena. Sijawahi kufurahi vile.

Jumamosi asubuhi Mukadamu alinisimamisha mlangoni.

Gunia moja la sandarusi iliyoletwa na dalali ikiwa imekwisha kusafishwa lilikuwa limefunguliwa likaguliwe kabla ya kupelekwa forodhani. Juu nzuri, chini chakazi tupu. Ikaonekana kwamba mtu ameiba iliyo kamili, akajaza takataka. "Na jana," Mukadamu akasema kwa sauti ya kusikika safu nzima, "mji mzima umeona kijakazi wa hapa anatembea na mwavuli. Nusu yako mimi naijua, Faida. Ninakulipa mimi. Hainunui hata mpini wake."

"Nimenunua kwa pesa ya Ijumaa."

"Ijumaa gani hiyo yenye pesa ya mwavuli?"

Nikatazama safu. Kila mwanamke alikuwa ameinamia beseni lake. Sikuwalaumu wakati ule, wala siwalaumu leo. Neno la mtumwa halikuwa na uzito, na wapagazi niliowatwangia walikuwa wameshaondoka na misafara yao.

Tajiri akaagiza Bibi aitwe, kwa kuwa mtumwa akiiba, hulipa bwana wake. Tulipokuwa tunangoja, Mukadamu alinisogelea, akanong'ona kama mtu anayenionea huruma. "Bibi yako hatalipa. Atakuuza Pangani, kwenye miwa. Kuna mtu anatafuta wanawake wenye mikono." Pangani kwenye miwa tulikuwa tunaisikia. Aliyekwenda hakurudi kutoa habari. Na mama yangu, asiyeweza kujitekea hata kata ya maji, angebaki na nani?

Bibi alifika amejitanda ukaya kichwani, uso mkavu. Akapewa kiti. Tajiri akamweleza yote kwa adabu, mwavuli wangu umewekwa mbele yao sakafuni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakunitazama. Kisha akasema, "Mwavuli huo nimempa mimi."

Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akishusha pumzi.

"Ndiyo," akaendelea Bibi. "Mtumwa wangu akienda uchi naaibika mimi. Akienda na mwavuli nasifiwa mimi. Nimempa. Hajaiba kitu."

Tajiri akainua mikono. "Basi, Bibi, kama wewe umempa, yamekwisha. Samahani kwa usumbufu." Akanigeukia. Nadhani alitaka tu kufunga maneno. "Ni kweli, Faida? Bibi yako amekupa?"

Ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo. Neno moja tu, nami nirudi kwenye beseni langu, na jioni nimpikie mama uji. Nilifungua mdomo niliseme. Halikutoka. Nilikumbuka mabega yangu Ijumaa jioni, yalivyowaka kwa kutwanga. Na nikaona: nikisema ndiyo leo, nimepewa mwavuli. Kesho nikinunua kitambaa, nimepewa kitambaa. Hata tambuu ya wale waliokaa safuni itakuwa ya kupewa. Hakutakuwa na Ijumaa tena. Lakini nikisema hapana, nimemwita Bibi yangu mwongo mbele ya watu, nami naijua njia ya Pangani iko wapi. Msidhani nilikuwa shujaa, wanangu. Nilikuwa na hofu, na juu ya hofu nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Nimenunua mwenyewe."

Mukadamu akapiga bakora yake chini. "Mmesikia! Haya, shahidi wako nani?"

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi yangu huyu. Kinu ninachotwangia ni chake, kiko chini ya dirisha lake. Kila Ijumaa ananisikia."

Sasa Bibi alinitazama. Akinikana, mimi ni mwizi na mwongo, na aibu yake imefutika. Akikubali, amesema uongo mbele ya Tajiri, na mtumwa wake anajinunulia miavuli. Nilisoma Kuli-huwa-llahu moyoni, nikaikosea, nikaanza upya.

"Kinu ni changu," Bibi akasema mwisho. "Ni kweli anatwanga. Ananitwangia kichwani tangu alfajiri, Ijumaa zote, sipati usingizi." Akasimama, akatengeneza ukaya wake. "Na kinu changu hajakilipia ijara hata siku moja. Kuanzia Ijumaa ijayo atalipa."

Tajiri akaangua kicheko. "Kwa hiyo si mwizi, Bibi?"

"Mwizi wa kinu. Wa sandarusi yako mtafute mwingine."

Nikaokota mwavuli wangu, nikamfuata nyuma. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Ungekubali kwamba nimekupa, ungepungukiwa na nini?" Mama aliposikia habari alinipiga kofi la shavu, kisha akanishika kichwa akalia, nami nikalia, tukalia mpaka uji ukaungua.

Gunia lile baadaye lilieleweka. Dalali mmoja alileta jingine la namna hiyohiyo, juu nzuri, chini chakazi, Tajiri akaligundua mlangoni kabla halijaingia ghalani. Yale mengine Mukadamu alikuwa akiyapokea bila kuyafungua, kwa sababu anazozijua yeye na dalali. Alifukuzwa. Hakuniomba radhi, wala mimi sikuingoja.

Ijara ya kinu nililipa kila Ijumaa. Iliniuma kuliko ile nusu, kwa maana nusu nilikulia nayo. Kwa hiyo nilipoweka tena, sikununua urembo. Nilikwenda kwa mchongaji wa Kikwere nje ya mji, nikanunua kinu changu na mchi wake. Wenzangu walinicheka: huyu naye, badala ya tambuu anakula gogo! Lakini Ijumaa ile nilitwanga mpaka jirani wakagonga ukuta. Mwavuli nao niliutembelea mpaka vyuma vyake vikatoboa kitambaa, na hakuna aliyeniuliza tena.

Baadaye nilihamia ghala la pili, kwa Tajiri mwingine, chini ya Mukadamu mpole aliyetuita "mama" hata tuliokuwa wadogo kwake. Vita vya Wadachi vilipopita, ghala lile likafunguliwa upya nami nikawekwa mkubwa wa safu, wa kuonyesha wageni kazi. Ilikuwa pesa ya Ijumaa iliyonikomboa, mimi kwanza, na mama kabla hajafa. Nikaendelea na sandarusi mpaka vidole vikakataa kukunjika. Siku niliyoacha nilipewa shuka na maneno mazuri. Shuka ninayo.

Mnaniuliza kazi ilinipa nini. Yaliyokwenda tumboni yalikwenda tumboni, siwezi kuwaonyesha. Nakumbuka vile vichache tu ambavyo havikuwa na kazi yoyote nyumbani.

Nilipokuwa nimeshatulia kwangu, asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa Bibi. Minazi yake ilikuwa imeuzwa na wanawe, watumwa wake wametawanyika, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumfuata. Nikamwambia shikamoo, kwa umri wake, si kwa kingine. "Marahaba," akaitikia, akakaa kwenye jamvi langu. Tukazungumza mvua. Tukazungumza maradhi ya miguu. Tukazungumza mvua tena, mpaka nikaelewa kwamba kuna neno halimtoki.

"Faida," akasema, akitazama mlangoni, "nimeishiwa na tambuu."

Nilifurahi. Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Nikafungua fundo la leso, nikamtilia mkononi pesa yote iliyokuwamo. Aliifumbata bila kuitazama. Nilingoja aniulize nimeipata wapi.

Hakuuliza.